Zepelini ya Mjerumani iliyokuwa inakuja Newala mwaka 1917: nani aliigeuza njiani?

#1 MsomaRamani

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza upande wetu wa Tanganyika, na kuna jambo moja linaninyima usingizi. Novemba 1917 Wajerumani walirusha zepelini, yaani meli ya angani inayoelea kwa gesi, kutoka Jamboli, Bulgaria, ije mpaka nyanda za juu za Makonde kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku kwetu, silaha na dawa. Iliitwa L59. Ilikuwa na urefu wa mita 226, yaani panga viwanja viwili vya mpira mstari mmoja na bado inavizidi. Ilibeba shehena ya tani 15 hivi: risasi zaidi ya 311,000, bombomu 30, magunia 61 ya bendeji na dawa, barua, darubini, mapanga, mpaka vifaa vya kushonea nguo. Ndani walikuwamo watu 22.

Sasa kumbukeni ni mwaka gani huo. Zepelini ya kwanza kabisa iliruka tarehe 2 Julai 1900 juu ya ziwa Bodensee. Ndugu wawili Wright waliruka Desemba 1903, na mruko wao wa kwanza ulikuwa wa sekunde 12 tu. Haijapita hata miaka 20, chombo kinaondoka Bulgaria asubuhi ya tarehe 21 Novemba, kinapita Uturuki, kinapita Krete, kinaingia Misri, kinakata jangwa mchana na usiku, kinafika Sudan magharibi ya Khartoum. Halafu usiku wa manane, kuamkia tarehe 23, kinageuza. Kikarudi Jamboli bila kutua popote. Saa 95 angani, kilomita 6,757. Hakuna chombo kilichowahi kuruka umbali huo mfululizo kabla yake.

Nilichosoma mimi ni kwamba Waingereza walituma simu ya upepo ya uongo, wakijifanya Wajerumani, kwamba Lettow-Vorbeck ameshasalimu amri. Nahodha Bockholt akaamini, akarudi. Ni kweli? Mwenye maarifa atusaidie.

#2 Kinyonga wa Pugu

Nimeshaweka kigoda. Endeleeni.

#3 Darubini

Mkuu MsomaRamani, hiyo habari ya uongo wa Waingereza imesambaa sana, lakini siikubali. Ujumbe wa kurudi ulitoka Nauen, kile kituo kikubwa cha simu ya upepo cha Wajerumani wenyewe, karibu na Berlin. Na haukusema Lettow amesalimu amri. Ulisema kwa ufupi kwamba adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde, na tayari yuko Kitangari, basi acheni safari mrudi.

Tena walianza kujaribu kuirudisha mapema zaidi kutoka kule kule Jamboli, lakini mtambo wa pale haukuwa na nguvu ya kuifikia. Ndiyo maana ujumbe ulipokelewa chombo kikiwa tayari kiko Sudan. Mtu anayetaka kudanganya hasubiri adui yake atembee nusu ya safari.

#4 MwanaNewala

Ngoja kwanza. Kitangari? Kitangari yetu?

Mimi nimesoma pale. Nimechota maji bondeni kule nikiwa mtoto, maana wenye kuijua Newala wanajua shida ya maji ya juu ya uwanda. Miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba jina la kijiji chetu lilipita hewani kutoka Berlin mpaka jangwa la Sudan likageuza chombo cha mita 226. Nimeusoma mstari huo wa Darubini mara tatu.

Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia alichosikia kwa mama yake kuhusu vita vya Mjerumani. Hakutaja chombo chochote cha angani. Alitaja njaa, na jinsi wanaume walivyokuwa wakikimbilia porini wakisikia tu mbwa wanabweka, kwa sababu atakayekamatwa anafungwa kamba na kupewa mzigo.

#5 Nahodha Mstaafu

Nilikuwa mpiga simu melini miaka mingi kabla ya setilaiti kutunyang'anya kazi, kwa hiyo nitazungumzia upande huo tu.

Darubini, usiukatae uongo wa Waingereza haraka hivyo. Mwaka 1914 meli ya Kijerumani Magdeburg ilikwama Bahari ya Baltiki, Warusi wakapata vitabu vya siri vya jeshi la maji la Wajerumani, wakawapa Waingereza nakala. Tangu hapo kuna ofisi London iliyokuwa ikisoma simu za Wajerumani karibu kila siku. Anayeweza kusoma maandishi ya siri ya mwenzake anaweza pia kuandika kwa maandishi hayo hayo. Kwa ufundi, jambo hilo linawezekana kabisa.

Na kuna kitu ambacho hamjakitaja: L59 isingeweza kuuliza. Injini ya mbele, ambayo ndiyo iliyoendesha mtambo wa kutuma, ilikuwa imeharibika tarehe 22. Walibaki wanasikia bila uwezo wa kujibu. Mpiga simu akiletewa ujumbe wenye shaka, jambo la kwanza ni kumwambia mwenzake arudie na athibitishe. Huyu hakuwa na njia hiyo.

#6 Darubini

Hapo kwenye injini nakubali, mzee wangu. Lakini nikuulize wewe uliyefanya kazi hiyo: mtu aliyezoea kusikiliza Nauen kila usiku asingetambua kwamba huyu si Nauen?

#7 Nahodha Mstaafu

Angetambua, au angehisi. Mitambo mikubwa ilikuwa na mlio wake, na kila mpiga simu ana mkono wake, kama mwandiko. Mimi nilikuwa nikijua ni nani yuko zamu Mombasa kabla hajataja jina. Hilo ni jiwe upande wako, sikatai.

#8 Binti Lindi

Habari zenu. Mimi nina ushahidi wa nyumbani. Babu yetu mkubwa, kwa simulizi tuliyoachiwa, aliiona ndege ya vita hiyo ikipita juu ya Lindi, watu wakalala kifudifudi mashambani. Kwa hiyo L59 ilifika, huenda iligeuka baadaye sana kuliko wanavyoandika.

#9 Darubini

Dada Binti Lindi, simulizi ya babu naiheshimu, na naamini aliona ndege kweli. Lakini haikuwa L59. Hiyo haikuvuka kusini ya Sudan. Mwaka 1917 Waingereza walikuwa na ndege za kawaida zenye mabawa wakizirusha kutoka upande wa Lindi kupeleleza na kudondosha mabomu. Bila shaka babu aliona mojawapo. Na kwa mtu ambaye hajawahi kuona chombo kikiruka, ndege ndogo ya mbao na turubai inatosha kumlaza kifudifudi.

Kusema kweli ndege zilishafika kwetu mapema zaidi. Novemba 1914 Waingereza walirusha ndege ya kutua majini kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji, na mwaka 1915 walikuwa na uwanja kisiwani Mafia. Wakati manowari za Kiingereza zilizoingia mtoni zikipiga, ndege ilikuwa juu ikiwaambia makombora yanaangukia wapi. Königsberg iliishia pale pale, 11 Julai 1915.

#10 Binti Lindi

Asante. Nitamwambia baba, ingawa hatafurahi, ameihadithia hiyo zepelini misibani kwa miaka arobaini.

#11 Fundi Spana

Nyote mnagombania ujumbe. Mimi natazama chombo chenyewe, na naona kilikuwa hakifiki.

Ile meli inaelea kwa haidrojeni, mita za ujazo 68,500. Mchana jangwani jua linapasha gesi moto, inatanuka, lazima uiachie itoke kwa vali, la sivyo mifuko inapasuka. Usiku jangwa linapoa kama friji. Gesi iliyobaki inasinyaa, nguvu ya kuelea inapungua, meli inaanza kuzama. Ilitokea hivyo hivyo: usiku ilishuka ghafla, wakatupa maji na hata masanduku ya shehena ili isiguse ardhi. Wale watu walikuwa hoi. Mchana joto na mwanga wa mchanga, kichwa kinauma, wengine wakiona vitu visivyokuwepo. Usiku baridi ya kukata mifupa. Tena injini moja kati ya tano imekufa.

Na mbele yao kulikuwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kadiri unavyopanda ndivyo gesi inavyotanuka na kutoka. Nionavyo mimi, Bockholt aliposoma neno "rudini" alishusha pumzi.

#12 Kinyonga wa Pugu

Kwa nini hawakutumia gesi isiyowaka?

#13 Fundi Spana

Heli? Mwaka 1917 hakuna aliyekuwa na heli ya kujaza chombo kama kile. Haidrojeni ilikuwa rahisi kutengeneza na inainua vizuri kuliko gesi zote. Hatari yake kila mmoja aliijua. L57, ambayo ndiyo iliyotengenezwa kwanza kwa safari hii, iliharibiwa na dhoruba na kuteketea Ujerumani Oktoba 1917 hata kabla haijaanza safari. L59 ilichukua nafasi yake.

#14 Mvita Kongwe

Hayo maji ya kutupa ili chombo kiwe chepesi, sisi watu wa majahazi twaita farumi. Jahazi likienda tupu hutiwa mawe au mchanga chini lisipinduke, na likizidiwa na bahari, shehena na farumi vyote hutoswa. Yaonekana manahodha wa angani walikuwa na mambo yale yale ya manahodha wa dau.

#15 Fundi Spana

Farumi. Nimejifunza neno leo. Shukrani sana.

#16 Kinyonga wa Pugu

Kuna kitu sijaelewa. Hata wangefika, wangerudije? Newala kuna haidrojeni ya kujaza?

#17 Darubini

Hawakupangiwa kurudi. Hiyo ndiyo sehemu inayonishangaza kuliko zote. Meli nzima ilikuwa shehena. Kitambaa cha nje kilikuwa kishonewe mahema na nguo, fremu za duralumini zigeuzwe nguzo na milingoti ya simu ya upepo, njia ya kutembelea ndani iliwekwa ngozi ili ikatwe buti. Injini zitumike kuzalisha umeme. Wale watu 22 wangebeba bunduki na kuwa askari wa Lettow. Wazo lililetwa na daktari wa serikali ya kikoloni, Max Zupitza, naye mwenyewe alikuwemo ndani.

#18 Mwana wa Malagarasi

Mambo ya Mjerumani kubomoa na kuunga tena hayo! Sisi Kigoma tumeyaona. Meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku elfu tano, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda treni, ikaungwa Kigoma na kuingia majini Februari 1915. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walipaka injini mafuta mazito ili ziamke siku moja. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Tumepanda wengi humu.

Ndiyo tofauti yetu na watu wa kusini: chombo chetu kilifika.

#19 MwanaNewala

Nyie wa Kigoma kila uzi lazima mlete Liemba. Juzi kulikuwa na uzi wa bei ya dagaa, mkaileta.

#20 Mwana wa Malagarasi

Dagaa walikuja na Liemba, mkuu.

#21 MsomaRamani

Nimerudi na ramani. Tuweke hesabu mezani, maana naona Fundi Spana anasema isingefika.

Kutoka magharibi ya Khartoum mpaka Newala kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,000. Safari yote waliyoruka ni 6,757, kwa hiyo kurudi kwao Jamboli kulikula zaidi ya kilomita 3,000. Maana yake pale walipogeuzia, kuendelea mbele na kurudi nyuma ni karibu sawasawa. Na walipotua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 walikuwa bado na mafuta ya saa 64. Kwa mafuta, walikuwa wanafika na chenji inabaki.

Kwa mwendo wao wa wastani, kilomita 71 kwa saa au pungufu kidogo, wangefika anga la Newala kati ya jioni ya tarehe 24 na alfajiri ya tarehe 25.

#22 Fundi Spana

Mafuta ni kitu kimoja na gesi ni kingine, mkuu. Ingawa nikiri jambo: kadiri mafuta yanavyoungua ndivyo meli inavyokuwa nyepesi, kwa hiyo upotevu wa gesi unafidiwa kiasi. Na kama iliweza kurudi ikiwa imebeba sehemu kubwa ya shehena, hoja yangu ya #11 inapungua nguvu. Lakini kutua je? Zepelini nyumbani kwake hupokelewa na mamia ya watu wakivuta kamba. Kule Makonde nani angevuta?

#23 Darubini

Na hapo ndipo hesabu ya MsomaRamani inapokuwa tamu. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow alikuwa wapi? Alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, pale Ngomano ambapo mto Lugenda unamwaga maji. Ni kama kilomita 100 kutoka Newala. Siku chache kabla alikuwa amewaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi karibu na Kitangari, akachukua wenye nguvu tu: Wajerumani wasiofika 300, askari 1,700 hivi na wapagazi kama 3,000. Newala ilikuwa imeshaachwa.

L59 ingekuja ingewakuta Waingereza. Kwa hiyo ujumbe, ametuma yeyote aliyetuma, ulikuwa wa kweli.

#24 Mjukuu wa Mpagazi

Nimewasoma kimya mpaka hapa. Sasa nami niseme.

Wote mnaongea kana kwamba kufika kwa hicho chombo kungekuwa ushindi wa namna fulani. Mzee wetu mmoja alichukuliwa Tukuyu akiwa kijana mwenye mke na mtoto, akabebeshwa. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna karatasi, hakuna hata kijiji kinachojulikana kwamba alifia pale. Kwenye ukoo wetu nafasi yake ni jina tu, tukampa mtoto mmoja wapo asipotee. Wanahistoria wanataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa upande wa Uingereza peke yake, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Wa Mjerumani nani aliwahesabu sawasawa?

Haya, na hizo risasi 311,000 mnazozihesabu. Lettow hakuzipata angani, lakini siku ile ile ya tarehe 25, L59 inatua Jamboli, yeye aliiteka ngome ya Wareno Ngomano, akapata bunduki mpya na robo milioni ya risasi. Akatembea nazo miezi kumi Msumbiji, akarudi kupitia Songea, akaishia Rhodesia ya Kaskazini, na alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka mmoja kamili, siku kwa siku. Katika mwaka huo nani alibeba? Nani alinyang'anywa mtama ghalani?

Mimi nashukuru chombo kiligeuka. Ningeshukuru zaidi kama na ngome ya Wareno isingetekwa.

#25 Mgogo wa Mvumi

Mjukuu wa Mpagazi, umenigusa. Kwetu Ugogo ile njaa ina jina lake, Mtunya. Vita vilipita, Mjerumani akachukua ng'ombe na watu, Mwingereza akaja akachukua ng'ombe na watu, kisha mvua zikakataa. Wazee walikuwa wakihesabu umri kwa Mtunya: huyu kazaliwa kabla, huyu baada. Halafu 1918 likaja homa la mafua kuwamalizia waliobaki. Zepelini hatukuiona na hatukuihitaji.

#26 Mtaa wa Pangani

Salamu kutoka Nairobi. Wengi wenu mnaenda Kariakoo kununua vitenge bila kujua jina limetoka wapi. Ni lile jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps, watu wakalitamka walivyoweza, likabaki jina la mahali walipokaa. Kwetu ni Kariokor, kwenu Dar ni Kariakoo. Hapa Nairobi tuna sanamu ya askari na mpagazi pamoja, na maandishi yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu ya Dar ni ya askari peke yake, nilisimama pale nikamtafuta mpagazi nisimwone.

#27 Kinyonga wa Pugu

Nimepita pale Posta miaka yote hii na hilo sijawahi kuliwaza.

#28 Sauti ya Jioni

Turudi kwenye swali, maana naona kuna njia ya kati ambayo hamjaigusa.

Mnauliza: Waingereza au Wajerumani? Fikirini hivi. Berlin ilijuaje hali ya Kitangari? Lettow hakuwa na mtambo wa kutuma unaofika Ulaya. Ule mnara mkubwa wa Dar es Salaam Wajerumani waliuvunja wenyewe Agosti 1914 Waingereza walipokuja kupiga mabomu. Tangu hapo aliweza kusikia, si kusema. Kwa hiyo habari zote za maendeleo ya vita vya kusini zilizofika Berlin zilitoka kwa nani? Kwa Waingereza wenyewe, kwa taarifa zao za ushindi walizokuwa wakizipeleka London na kuzitangaza. Berlin ilisoma taarifa za adui, ikaamini, ikaamuru Nauen.

Kwa maana hiyo Darubini yuko sahihi kwamba aliyetuma ni Nauen. Na MsomaRamani hakukosea sana kwamba neno lilitoka kwa Mwingereza.

#29 Nahodha Mstaafu

Hoja nzuri, lakini inafungua mlango niliotaka kuufungua mimi. Ikiwa Waingereza walikuwa wanasoma simu za Wajerumani, walijua kwamba kuna zepelini inakuja. Na kama walijua, basi kutangaza ushindi wa Makonde kwa sauti kubwa kuliko kawaida, siku hizo hizo, ni kazi rahisi kuliko kuigiza mlio wa Nauen. Huhitaji hata kusema uongo.

#30 Darubini

Hilo la "kwa sauti kubwa kuliko kawaida" ni lako, mzee. Ushindi wao ulikuwa wa kweli, na jeshi lolote hutangaza ushindi.

#31 Nahodha Mstaafu

Ni langu. Nimekaa na vyombo vya kusikilizia masikioni muda mrefu, najua kwamba wakati wa kutangaza jambo nao ni ujumbe.

#32 Kinyonga wa Pugu

Na L59 yenyewe iliishia wapi?

#33 MsomaRamani

Haikuishi miezi mitano. Tarehe 7 Aprili 1918 iliondoka tena Jamboli, safari hii kwenda kupiga mabomu Malta, Bockholt yuleyule akiongoza. Juu ya mlango bahari wa Otranto ililipuka. Nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa juu ya maji iliuona moto. Wote waliokuwemo walikufa. Si Waingereza wala Waitaliano waliodai kwamba waliipiga wao.

Na saa zake 95 zilipitwa upesi. Julai 1919 chombo cha Kiingereza R34 kilivuka Atlantiki kwenda Marekani kwa saa 108.

#34 Fundi Spana

Ililipuka bila kupigwa. Haidrojeni na cheche moja, au bomba la mafuta linalovuja. Ndugu zangu, chombo hicho hicho kilipita mchana mbili juu ya jangwa kikiachia gesi kwenye vali huku injini zinanguruma. Kila nikiwaza nashangaa si kwa nini kiligeuka, ila kwamba kilirudi.

#35 Binti Lindi

Nimemwambia baba. Amenyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi alichoona babu ni ndege ya Mwingereza?" Nikasema ndiyo. Akasema hiyo ni mbaya zaidi, maana hiyo ilikuwa na mabomu. Ameahidi kuirekebisha hadithi.

#36 Mwana wa Malagarasi

Mpe pole mzee. Mwambie aje Kigoma tumpandishe Liemba.

#37 MwanaNewala

Nilikuwa kimya kwa sababu nilisafiri. Nilikwenda nyumbani kwa msiba, nikapita Kitangari makusudi. Nilitafuta mzee wa kuzungumza naye, nikampata mmoja ambaye baba yake alikuwa mtoto wakati wa vita ile.

Nikamuuliza kuhusu chombo cha angani kilichokuwa kinakuja. Hakijui, hajawahi kukisikia. Nikamweleza yote: Bulgaria, jangwa, saa 95, jina la Kitangari hewani usiku. Alinisikiliza vizuri tu, akauliza kilikuwa kinaleta nini. Nikasema risasi na bendeji.

Akauliza, "Chumvi?" Nikasema hapana, kwenye orodha sikuona chumvi.

Akaniambia baba yake alisema wazungu waliugua wakaachwa pale wamelazwa chini ya mikorosho, au miembe, hakumbuki, na Waingereza wakaja wakawakuta. Nadhani ni wale majeruhi wa Darubini, #23. Halafu akanipeleka nyuma ya nyumba ya mdogo wake, kuna kishimo kimejaa majani, akasema hapo ndipo mama wa baba yake alipofukia mtama na kuukalia juu siku nzima askari walipopita, mtoto mgongoni, akijifanya mgonjwa asiyeweza kuinuka. Hakujua walikuwa askari wa upande gani. Mtama ulipona.

Nimepiga picha ya kishimo. Nitaiweka nikipata mtandao mzuri.

#38 Mjukuu wa Mpagazi

Iweke, mkuu. Tunaisubiri.